Mtalii wa Dubai Aliyejichimbia Akalla

Mlango ulifunguka, na kweli aliyeingia alikuwa Natacha.

Mmenilaani juma zima, najua. Mmoja wenu amemwandikia mhariri kwamba si utu kumwacha Zakayo amekaa kitako juu ya mchanga, kanzu nyeupe mwilini na miwani ya jua usoni, akiongea na mama mkwe mtarajiwa kwa simu ya video, huku kitasa cha mlango kikizunguka. Si utu, ndiyo, lakini ukurasa ulikuwa umejaa. Leo tunaendelea. Na kama wewe umeliokota gazeti hili kwenye kiti cha treni na Zakayo humjui, usijali, nitakupa habari zake huku tunakwenda.

Zakayo ni dereva wa basi, Mtanzania wa Singida, mgane, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu anazozing'oa mwenyewe mbele ya kioo. Natacha ni Mkongomani wa Bukavu, anafanya kazi kwa daktari wa meno na Jumapili anafundisha watoto kanisani. Zakayo anampenda Natacha. Hilo si siri, hata abiria wake wanajua.

Siri ni nyingine. Kanisa zima linaamini kwamba Zakayo yuko Dubai, ametangulia kuipeleleza ili Mungu akijalia ampeleke Natacha fungate. Lilimwombea, likamwagiza udi na manukato na mabuibui yenye vijiwe vinavyometa, likamsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Arlanda kwa kwaya. Akawapungia mkono, akaingia ndani. Kule ndani, kwenye mlango wa mwisho kabisa wa kupandia ndege, dada mmoja aliifungua pasi yake, akaifunga, akamweleza kwa upole kwamba imebakiza miezi miwili na huko aendako wanataka sita. Ndege ikaondoka, Zakayo hayumo.

Mwanamume mwingine angerudi siku ileile, akachekwa, yakaisha. Zakayo aliona haya. Akaenda kujificha kwa rafiki yake Kuria huko Akalla, na tangu hapo anatalii Dubai bila kutoka Stockholm. Jasho la kwenye picha analipata katika sauna iliyo chini ya jengo. Jangwa analipata katika ukumbi anaousimamia Kuria, ukumbi wa mpira wa wavu wa ufukweni, wenye mchanga wa kweli na joto la kutosha kuvaa kaptura wakati nje theluji inafika magotini. Picha zake zilipendwa mno kwenye kundi la kanisa. Mama mmoja wa kwaya alitokwa na machozi alipoyaona machweo ya jangwani, ambayo kusema kweli yalikuwa hita ya ukutani.

Basi huo ndio mlango uliofunguka. Ilikuwa wiki ya likizo ya michezo, shule zimefungwa, na Natacha alikuwa amewaahidi watoto wa kanisani kuwapeleka mahali wakacheze bila makoti.

"Batoto! Viatu hapa, makoti kule, na hakuna mutu wa kukula muchanga!"

Sauti ile ilivuka ukumbi, ikaingia kwenye simu ya Zakayo, ikatokea Fisksätra, jikoni kwa Mama Hortense, mama mzazi wa Natacha.

"Zakayo," Mama Hortense alisema, uso wake umejaa kioo kizima cha simu. "Ile ni sauti ya nani?"

"Sauti ipi, Mama?"

"Ya mutoto wangu. Natacha. Ile sauti niliizaa miye."

"Mama, hata mimi nimeisikia!" Zakayo alijifuta jasho, na jasho hilo sasa lilikuwa la kweli. "Tangu jana naisikia kila kona. Ni mapenzi, Mama. Mapenzi na hili jua."

Mama Hortense alilipima jibu hilo. Lilimpendeza.

"Pole, mwanangu. Kunywa maji mingi. Lakini mbele ya kukata, geuza simu nione ngamia. Uliniahidia ngamia."

"Ngamia wamekwenda kula, Mama!"

Akakata.

Kuria ni Mkenya wa Nakuru, mtu mnene asiyekimbia kwa jambo lolote. Siku hiyo alikimbia. Alikuja na turubai la bluu wanalofunikia uwanja usiotumika.

"Buda, umeisha," alinong'ona. "Lala chini. Na usipumue kama ng'ombe."

Giza likamfunika Zakayo. Alisikia hatua zikija, nyepesi, akazitambua kabla hazijafika.

"Bonjour, Papa Kuria."

"Karibu, Mwalimu, karibu sana. Wale watoto wachezee uwanja wa kwanza. Huu wa pili una shida kidogo."

"Na chini ya ile turubai kuko nini?"

"Mchanga."

"Muchanga juu ya muchanga?"

"Huo ni wa akiba," Kuria alisema bila kupepesa jicho.

Natacha alicheka, akavuta benchi, akakaa. Alikaa pembeni kabisa mwa turubai, karibu na kichwa cha Zakayo, kiasi kwamba Zakayo aliisikia harufu ya mafuta yake ya nywele.

Sasa kuna msomaji ambaye ameshakasirika. Anauliza, kwa nini mwanamume huyu asitoke tu, akajipangusa mchanga, akasema "Mpenzi, nimekwama," wakacheka wote? Ngoja nikwambie kwa nini.

Natacha alikuwa na mume, Clovis. Clovis aliaga kwamba amepata kazi Brussels. Kila jioni alipiga simu, anaeleza mvua ya Brussels, ugumu wa Brussels, bei ya ndizi za Brussels. Siku moja Natacha akaenda Skärholmen, hapahapa Stockholm, kutafuta viatu vya baridi, na katikati ya maduka akakutana na Clovis anasukuma kigari cha mtoto, na mwanamke pembeni. Brussels ilikuwa mwendo wa treni moja kutoka kitandani kwake.

Tangu siku ile Natacha ana sharti moja tu kwa mwanamume, na Zakayo alilisikia kwa masikio yake mawili. "Ukuwe masikini, sawa. Ukuwe mukali, tutapigana. Lakini usiniambie uko mahali ambapo hauko."

Zakayo aliapa. Aliapa mbele ya Mama Hortense, ambaye Jumapili hii alikuwa atoe jibu la familia kati ya waposaji wawili, Zakayo na Valéry wakala wa safari. Na mtu aliyeapa hivyo ndiye huyo hapo chini ya turubai, mchanga umemjaa puani, anamwomba Mungu asipige chafya.

Pembe ya turubai ikainuka. Macho mawili yakachungulia. Yalikuwa ya Nala, mtoto wa miaka sita mwenye pengo.

Zakayo aliweka kidole mdomoni. Nala hakuwa mtoto wa kuambiwa hivyo.

"Fröken! Det ligger en farbror här!" aliita kwa Kiswidi chake chote, kwamba Mwalimu, kuna baba mmoja amelala hapa.

"Nala, wacha uongo," Natacha alijibu, macho yake yako kwenye simu.

Zakayo alikuwa na tende mfukoni, za kupigia picha. Akampa Nala moja, kubwa, inayonata. Nala akaitia mdomoni, na kwa kuwa ilikuwa kubwa kuliko mdomo, suala likaishia hapo.

Lakini Natacha alikuwa anatazama simu kwa sababu. Alikuwa anatafuta namba.

Chini ya tumbo la Zakayo simu ikaanza kutetemeka, na turubai zima likaanza kunguruma pamoja nayo. Hakuwa na njia. Akapokea.

"Allô? Zakayo?"

"Natacha," alinong'ona.

"Mbona unasema polepole hivyo?"

"Niko msikitini."

"Mu musikiti? Weye Mupentekoste?"

"Natalii, mpenzi. Ule mkubwa wa marumaru. Watalii tunaruhusiwa kuingia ila kelele marufuku."

"Aaa. Ni muzuri?"

"Hujapata kuona. Zulia peke yake, unaweza ukalala ukasahau kwenu."

"Na batoto niko nasikia, ni ba nani?"

"Watalii wamekuja na watoto wao."

"Banasema Kiswidi."

"Si likizo ya michezo, mama? Waswidi wamejaa huku tele. Jana nimekutana na abiria wangu."

Natacha akaangua kicheko. Zakayo alikisikia mara mbili, kwa sikio moja kupitia simu na kwa jingine kupitia turubai, na yote mawili yalimuuma. Ndipo mvulana mmoja alipokimbilia mpira, akajikwaa, akamwangukia mgongoni kwa magoti.

"Mmmmh!"

"Nini hiyo?"

"Ngamia."

"Ngamia mu musikiti!"

"Nje! Nje. Wanafungwa nje."

"Zakayo, sikia." Sauti ya Natacha ilishuka, ikawa ya karibu. "Nilitaka nikuambie nikishafika, lakini nimeshindwa kunyamaza. Niko nakuja."

"Unakuja wapi?"

"Kwako, bwana! Dubai! Leo mangaribi. Valéry anapeleka kundi ya batalii, mutu mumoja akagonjwa, kiti ikabakia. Kazini bamenipa ruhusa. Mama amekubali. Surprise!"

Chini ya turubai Zakayo aliuma pindo la kanzu.

"Zakayo? Haufurahi?"

"Nimefurahi mpaka... nimeishiwa maneno."

"Miye nilikulia Bukavu, mvua kila siku. Nikakuja huku, theluji. Ninataka mara moja tu kusimama mahali mbingu haina kitu ya kunimwagia. Juu ya muchanga, na jua. Na ile jibu yako, sitaki Mama akupatie Jumapili. Nitakupatia miye, kwa kinywa yangu."

"Jibu gani?" Zakayo aliuliza.

"Weye naye! Mutu anapandaka ndege kwenda kusema hapana?"

Akakata simu, akabaki anaitazama na kutabasamu peke yake.

Hapo, wasomaji, namtetea Zakayo. Alitaka kutoka. Aliikunja miguu kabisa, akakaza mikono, turubai likaanza kupanda. Lakini Kuria, aliyedhani rafiki yake ameingiwa na wazimu, alikuja upesi akaketi juu yake kwa uzito wake wote, akaanza kumweleza Natacha historia ndefu ya mchanga ule, ulikochimbwa na jinsi unavyosafishwa, mpaka Natacha akaangalia saa, akakusanya watoto, akaenda zake kufunga begi.

"Umeniua!" Zakayo alifoka alipofunuliwa. "Nilikuwa namwambia!"

"Ungemwambia vipi? Ukitoka ardhini na kanzu nyeupe mbele ya watoto? Si wangelala kwa mwanasaikolojia mwezi mzima!"

"Anakwenda Dubai, Kuria. Atashuka pale atanitafuta. Atasimama na begi lake, Valéry pembeni, hanioni. Atafikiri nini?"

Kuria alifikiri. "Mwambie kuna dhoruba ya mchanga. Uwanja wa ndege umefungwa. Asisafiri."

Ni ushauri mbaya. Mimi naujua, wewe unaujua. Zakayo aliukumbatia kwa mikono miwili.

Jioni hiyo walipanda gari la Kuria kuelekea Arlanda, maana Zakayo alitaka kuhakikisha kwa macho kwamba dhoruba inafanya kazi. Bado alikuwa kwenye kanzu. Suruali zake zilikuwa zimefungiwa katika chumba cha kufulia cha jengo, zamu ya Kuria ya kufua ilishapita, mlango ukajifunga, na jirani aliyeandikisha zamu iliyofuata hakutaka hata kusikia. Basi juu ya kanzu alivaa koti la Kuria la kazini, la manjano lenye mistari ya kung'aa, na miguuni viatu vya theluji.

Alijibanza nyuma ya nguzo, karibu na mashine ya kahawa. Akachungulia.

Kwaya ilikuwepo yote. Kwetu hatusafiri kimyakimya, nanyi mnajua. Walikuwa wamejipanga mbele ya kaunta na makoti yao, wanaimba, abiria wa Kiswidi wanawapisha kwa adabu huku wakirekodi. Mama Hortense alikuwa mbele, ameshika bakuli la plastiki la kisamvu, lenye kifuniko.

"Natacha, hii sombe umupelekee Zakayo. Huko banamulisha mikate tu. Usiipindue."

Na Valéry alikuwepo, na skafu ya hariri, amesimamia begi. Valéry si mtu mbaya. Ni mcheshi, ni mkarimu, mchana ule aliacha kazi zake kumtafutia Natacha kiti cha dirishani. Hilo ndilo lililomuudhi Zakayo zaidi.

Akapiga simu.

"Zakayo wangu!" Natacha alipokea kwa furaha. "Tuko hapa bote!"

"Natacha, usije! Dhoruba ya mchanga! Huku huoni hata mkono wako. Uwanja umefungwa!"

Natacha alitazama ubao wa safari. "Hapa banaandika ndege inaondoka saa yake."

"Wao wako huko, mimi niko huku. Nani anajua zaidi?"

Valéry aliuliza kuna nini. Natacha akaweka sauti ya nje.

"Bonjour, Bwana Zakayo!" Valéry alisema kwa uchangamfu. "Usikuwe na wasiwasi. Muntu wangu ametua huko saa hii, nimesema naye. Hakuna hata upepo. Nyota tu!"

Kwaya ikashangilia nyota. Natacha hakushangilia. Aliondoa sauti ya nje, akajitenga nao, akatembea polepole akatafuta mahali pa faragha, akasimama amewapa mgongo watu wote. Nguzo aliyoichagua ilikuwa ileile. Alisimama upande wa pili wake, ameitazama mashine ya magazeti, na Zakayo aliyaona mabega yake.

"Zakayo," alisema chini chini. "Miye siko mutoto. Kama kuko mwanamuke huko, sema. Sema sasa, niko bado na koti yangu ya baridi, nirudi nyumbani. Clovis hakunipatia hata ile nafasi."

Mabega yale yalikuwa yamejikaza yakisubiri kupigwa. Zakayo aliyatazama, na alimpenda Natacha saa ile kuliko siku zote, na alijiona mtu wa hovyo, wa hovyo kabisa. Alikuwa amekimbia kuchekwa. Yeye alikuwa amekimbia kuchekwa tu, na huyu dada wa watu alikuwa anasubiri kuvunjwa moyo mara ya pili.

"Hakuna mwanamke," alisema.

"Kuko nini basi?"

"Kuna mimi. Nipo nyuma yako."

Natacha aligeuka, simu bado iko sikioni. Alianzia viatu vya theluji, akapanda kwenye pindo la kanzu, akapita koti la manjano, akafika kwenye ndevu zilizojaa mchanga. 

Kwaya nayo ikageuka. Sauti zikakatika moja moja, za kwanza, za pili, mpaka akabaki Papa Onésime wa besi, ambaye huimba amefumba macho.

Na hapa, wasomaji wangu, shetani akaleta zawadi.

"Amerudi!" Mama Hortense alipiga kelele. "Muangalie kanzu! Muangalie muchanga mu ndevu! Ametoka Dubai saa hii hii, amekuja kumuchukua mwenyewe! Haleluya!"

"Haleluya!" kwaya ikaitikia. Vigelegele vikapanda mpaka juu kwenye vyuma vya paa. Mtu akamkumbatia Zakayo. Mwingine akauliza udi wake uko kwenye begi lipi. Valéry, muungwana kama alivyo, alimpa mkono na kumpongeza kwa safari.

Mnaona? Uongo kamili, umeshapikwa, umepakuliwa, hana haja hata ya kufungua mdomo. Atabasamu tu. Natacha atakaa asisafiri, Jumapili jibu litatoka, maisha yataendelea. Kuria, nyuma ya mashine ya kahawa, alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, kwamba ndiyo, ndiyo, pokea.

Natacha peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa anamtazama tu, anangoja.

"Sikwenda," Zakayo alisema.

"Unasema?" Mama Hortense aliweka mkono sikioni.

"Sikwenda, Mama. Sijafika Dubai. Pasi yangu ilikuwa imebakiza miezi miwili, walinizuia mlangoni. Niliona aibu kurudi. Nimekuwa Akalla siku zote hizi."

Hata Papa Onésime alifumbua macho.

"Na zile picha?" aliuliza mama aliyelilia machweo.

"Ni ukumbi wa Kuria wa mpira."

Natacha alishusha simu. "Ukumbi ya Kuria. Ile ya leo."

"Ndiyo."

"Ile turubai."

"Ndiyo."

"Na ngamia?"

"Mtoto aliniangukia mgongoni."

Katika safu ya nyuma mtu aliguna kwa kicheko, akapigwa kiwiko. Natacha uso wake haukubadilika, ila macho yalikuwa yamejaa.

"Nilikuwa nimekaa pembeni yako," alisema. "Nilisema maneno yangu yote ya moyo, na weye uko chini, unaniambia musikiti."

"Nilitaka kutoka, Natacha. Nakuapia."

"Usiape tena. Ulishaapa."

Zakayo aliinamisha kichwa. Mama Hortense alibaki ameshika bakuli la sombe, hajui tena ampe nani. Kutoka juu wakatangaza ndege ya Dubai.

Natacha alijifuta macho kwa ncha ya skafu, akavua koti lake zito la baridi, akamwekea Zakayo mikononi.

"Hii kiti iko na jina yangu, na muchanga nitauona. Sitaacha kuuona kwa sababu yako." Alivuta pumzi. "Sikia sasa. Jumapili utasimama kanisani, mbele ya bote. Ulibeba maombi yao, utawapa ushuhuda wa safari yako. Safari yote. Sauna, turubai, ngamia, usiruke kitu. Mama atanionesha kwa simu, nami nitakuwa kule naangalia."

"Nitasema yote," Zakayo alijibu haraka. "Halafu?"

"Halafu nitajiangalia miye mwenyewe. Nikicheka, ni kwamba imetoka mu moyo, nitarudi na jibu ile ile ya leo. Nisipocheka, usinitafute tena."

"Natacha, mtu hawezi kujilazimisha..."

"Ndiyo maana. Utafanya kazi."

Kwaya haikujua ifanye nini, basi ikaimba. Natacha akamkumbatia mama yake, akachukua pasi yake, akaelekea kwenye ukaguzi. Zakayo alisimama na koti lenye joto la mwili wake, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye mkasa huu alipata matumaini. Kumchekesha Natacha aliweza. Leo hii hii alimchekesha, tena akiwa chini ya turubai. Alianza kupanga kichwani atakavyoanza, labda na yule dada wa mlangoni, labda na suruali.

Valéry alimfuata Natacha, akampokea begi, na Natacha hakukataa. Walipofika kwenye mlango wa vioo, Valéry alimwinamia sikioni, akamnong'oneza jambo kwa Kifaransa.

Natacha akacheka mpaka akashika ukuta.